Chema Chajiuza? Shaka katika Soko la Mtandaoni

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mwambao wa Kilifi, methali hiyo leo inakabiliwa na matangazo ya mtandaoni. Mwenye nyumba ya wageni Watamu hulipa kila tangazo lake linapobofywa, ilhali anayehesabu mibofyo ndiye anayeiuza. Mnunuzi wa nafaka asiyeiona pishi ikijazwa ana haki ya kushuku.

Shaka hiyo ina msingi. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani ya eBay ilisitisha, kwenye mitambo ya kutafutia ya Yahoo na MSN, matangazo yaliyojitokeza mtu alipoandika jina lake. Takribani wageni wote waliendelea kufika bila tangazo, kwani walikuwa wameshakusudia kwenda huko. Hata hivyo, watafiti walibaini pia kwamba matangazo yaliwavuta wateja wapya. Kwa hiyo chema kisichojulikana huhitaji mpiga mbiu. Kinachojulikana hakina haja ya kulipia jina lake.

Wapo wanaogeuza shaka kuwa mtaji. Mtu wa Magarini akikopa gunia la mahindi wakati wa ukame, akaliuza ghali, kisha akanunua jingine kwa bei nafuu baada ya mavuno ili kulipa deni, tofauti ya bei ni faida yake. Mvua zikikosekana, atalipa kwa hasara. Ndivyo hisa za kukopa zinavyouzwa na wanaotarajia kampuni ianguke.

Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni ambayo Kenya ni mojawapo ya masoko yake, ilionja hayo. Iliingia katika Soko la Hisa la New York tarehe 12 Aprili 2019 kwa dola 14.50 kila hisa, na siku hiyo ikafunga kwa zaidi ya dola 25. Mwezi Mei, Andrew Left wa Citron Research, aliyekuwa amewekea dau anguko lake, alichapisha ripoti akiituhumu kwa udanganyifu. Kampuni ilikanusha, bei ikaporomoka. Mwezi Agosti Jumia yenyewe ilieleza kwamba baadhi ya mawakala na wafanyakazi walihusika na oda zisizo halali. Lakini Oktoba 2020 Left huyo huyo aligeuka akaisifu kampuni hiyo.

Funzo ni kwamba anayesifu na anayekashifu wote wana bidhaa sokoni. Shaka husaidia kufichua yaliyofichwa, ila nayo yapaswa kupimwa.

Mfanyabiashara wa Malindi hana soko la kuuzia shaka yake. Silaha yake ni shilingi anayoizuia. Anaweza kusitisha tangazo kwa majuma kadhaa, akamwuliza kila mgeni alikojulia habari zake, kisha akalinganisha na majuma ya msimu huo huo tangazo lilipokuwapo. Lakini atahojije mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoimudu? Hapo ndipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili unapoanza. Istilahi za hisa, dau na mibofyo zisibaki kamusini. Zifike Watamu, Mambrui na Takaungu, kwani asiye na neno la kuulizia hulipa bila kuuliza.