Mtoto Aletwaye Mjini Kufanya Kazi

Miongoni mwa dhuluma zitendekazo katika miji yetu, sioni iliyovaa vazi la ihsani likaikaa vema kama ile ya kumtoa mtoto wa kike kijijini, Iringa au Singida au milimani Usambara, na kumleta Dar es Salaam au Unguja kuwa mtumishi wa nyumbani. Maana amletaye aghalabu ni shangazi, au jirani aliyekwisha kuhamia mjini, na ahadi aitoayo ni ya kheri tupu: mtoto atakula, atavaa, atafundishwa cherehani, na kila mwezi kitu kidogo kitatumwa kwa mama yake kwa simu. Anayetarajia kumwona mwuza watoto kwa sura ya mgeni mwenye gari la vioo vyeusi atangoja sana.

Pita asubuhi katika mtaa wowote wa Magomeni au Tabata, saa za watoto kwenda shule. Utamwona binti wa miaka 13 hivi, kanga kiunoni na kandambili miguuni, amebeba begi lisilo lake, na mbele yake anatembea mtoto wa tajiri wake ambaye hawakupishana sana kwa umri. Wakifika getini begi litapokewa, naye atageuka kurudi kwenye vyombo, ndoo za kufulia, na mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni hadi jioni. Ameamka saa kumi za alfajiri kubandika chai, na hatalala mpaka mgeni wa mwisho aondoke, kwa kuwa godoro lake hutandikwa sebuleni, mahali ambapo kila mwanamume wa nyumba hiyo hupita usiku akienda kunywa maji. Hili la mwisho sitalifafanua; wazazi wamekwisha kunifahamu.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, itumikayo Tanzania Bara, imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kuhudhuria shule. Imempa haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Na imekataza asifanyishwe kazi usiku, baina ya saa mbili za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi, hata ile chai ya alfajiri peke yake ikawa kosa. Iliyo kali zaidi, ambayo kwa maoni yangu haijafika masikioni mwa watu inavyostahili, ni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008: mtu akimchukua mtoto kwa kusudi la kumtumikisha, hawezi kujitetea kwamba mtoto mwenyewe alikubali, wala kwamba baba na mama walitoa ridhaa. Waliotunga kifungu hicho walijua mambo ya dunia. Ridhaa ya mzazi ambaye mvua zimemkatalia misimu miwili, na ambaye, ingawa ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, hana fedha ya sare wala daftari, hupatikana kwa maneno matamu na nauli ya basi.

Najua nitajibiwa kwamba waajiri wengi si matajiri, bali ni akina mama wa mishahara midogo watokao nyumbani kabla ya jua, wasio na mahali pa kuwaacha watoto wao wachanga. Ni kweli, na ni aibu ya miji yetu. Walakini shida hiyo haipati kuwa halali kwa kubebeshwa mtoto wa mama mwingine. Nitaambiwa pia, "Tunaishi naye kama mwanetu." Taib. Basi mwanenu huyu asoma shule gani? Azungumzapo na mama yake kwa simu, nani amesimama karibu akisikiliza? Na mshahara wake u wapi? Mwenye nyumba akisema anamtunzia, na binti mwenyewe hajui umefika kiasi gani, jirani hahitaji ushahidi mwingine ili aingiwe na shaka.

Mwenye shaka na apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo hailipiwi, au aende kwa afisa ustawi wa jamii, au katika dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi. Asianze kwa kumkabili mwenye nyumba. Wengi wao, wakihisi kwamba mambo yamejulikana, humkatia binti tiketi usiku ule ule, na alfajiri humwacha kituo cha mabasi cha Mbezi na mfuko wa nguo, pasipo senti ya miezi yote aliyotumika na pasipo mtu kwao aliyearifiwa kwamba yu njiani. Na kituoni hapo hawakosekani wa kumwuliza, kwa upole, kama anatafuta kazi. Afisa ndiye wa kusimamia safari hiyo, baada ya ujira wote kuhesabiwa na kulipwa mbele yake.