Yoyo ya Mukau: Ina Mwenyewe?

Huenda ukacheka ukisikia kwamba mtu mzima, mzaliwa wa Kibokoni, amesafiri mara tano kwenda Ukambani kwa ajili ya yoyo. Nyumbani kwangu walicheka. Hata hivyo naomba unisikilize, kwani katika kichezeo hiki nimeona shauri zito kuliko mengi yanayozungumzwa barazani siku hizi.

Jambo lilianza siku ya Idi, pale Makadara. Nilimnunulia mjukuu wangu yoyo ya plastiki, na kabla ya magharibi ilikuwa imepasuka vipande viwili. Nikapita meza za wachuuzi moja baada ya nyingine: bastola za plastiki, vigari, madoli, vyote vya ng'ambo. Sikuona hata kimoja kilichopitia mikononi mwa fundi wa nchi hii. Na hapo Changamwe, si mbali, wapo wachongaji wa ushirika wa Akamba ulioanzishwa mwaka 1963, wanachonga twiga na simba wa kuwauzia watalii. Yaani sisi tunachongea nyumba za Ulaya, na viwanda vya Uchina vinawachezesha watoto wetu!

Nikamkumbuka rafiki yangu wa Wote, mji mkuu wa Makueni, mwalimu mstaafu wa useremala aliyepata kufundisha Mombasa. Kila Jumamosi hukutana nyuma ya nyumba yake watu wanaopenda kuunda vichezeo: fundi baiskeli, kijana wa bodaboda, wanafunzi wawili wa sekondari, na mara moja kwa mwezi mkerezaji mmoja kutoka Kitui. Hawana katiba wala mwekahazina. Hutengeneza pia, tiara na magari ya waya, kisha hushindana wakicheka kama watoto. Nilipowaeleza habari ya yoyo iliyopasuka, mwalimu alisema, "Bwana Mombasa, hiyo tutakutengenezea." Ikatuchukua miezi minane.

Wengi wetu hudhani yoyo ni visahani viwili na uzi, basi. Kumbe siri iko kwenye uzi. Ukiufunga kwa fundo katika kijiti cha kati, yoyo itashuka na kupanda tu. Lakini ukiuzungusha kwa kitanzi kilegevu, yoyo hufika chini ikaendelea kuzunguka palepale, ndiyo wanayoita kulala. Ukiivuta kidogo, huamka na kupanda. Ufundi huo waliuingiza Marekani watu wa Ufilipino, na mmoja wao, Pedro Flores, alifungua kiwanda California mwaka 1928. Kichezeo chenyewe ni cha kale zaidi, kwani Wagiriki walikichora kwenye vyombo vya udongo kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Yoyo yetu ya kwanza ilikuwa ya mwembe. Makueni ni nchi ya maembe, na mkulima akikata mwembe uliozeeka, gogo huishia jikoni. Mti huo unakerezeka vizuri na una rangi ya kupendeza. Nikaja nayo Mombasa nikijisifu. Baada ya wiki mbili hewa ya pwani iliuvimbisha ule mti, nafasi ya uzi ikabana, na yoyo ikagoma kushuka.

Ndipo mkerezaji wa Kitui alipotaja mukau. Sisi wa pwani hatuujui sana, lakini ni wa ukoo mmoja na mwarobaini wetu. Hustahimili ukame na mchwa, na mbao zake ni imara. Watafiti wa misitu wa KEFRI, wakishirikiana na Wajapani, wamekuwa wakiuchagulia mbegu bora tangu mwaka 2012, na mashamba ya mbegu hizo yako Tiva kwa upande wa Kitui na Kibwezi kwa upande wa Makueni. Mkulima hupanda leo, akavuna mbao baada ya miaka kumi na kitu. Kwa hiyo tulikuwa tukitumia mti unaopandwa, si kama muhugu na mpingo, ambao wachongaji wameumaliza msituni mpaka wenyewe wanalalamika.

Visahani vyote viwili vilikerezwa kutoka kipande kimoja ili uzito ulingane. Fundi baiskeli akashauri tuchimbe katikati na kuacha uzito ukingoni, kama gurudumu la cherehani, ili izunguke kwa muda mrefu. Vijana wakataka tutie beringi, kama zifanyavyo yoyo za ng'ambo tangu miaka ya 1980. Tulibishana siku nzima. Mwalimu akakata shauri: beringi ikipotea Kitui, mtoto atapata wapi nyingine? Badala yake tukaweka kijiti cha mpingo, kutokana na vipande vinavyotupwa na wachongaji wa Wamunyu, kinachopachikwa bila gundi wala msumari. Kikilika, unakitoa na kupachika kingine. Hilo ndilo jipya letu, nami sijaliona kwingine.

Ukabaki uzi. Mama mmoja msukaji wa vyondo alitusokotea wa mkonge, ukanikata kidole. Akacheka, akasokota wa pamba wa nyuzi tatu. Jioni hiyo yoyo ililala mpaka kijana wa bodaboda akahesabu ishirini na mbili.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe. Kabla ya Idi iliyofuata tulikuwa na yoyo sitini. Nilimpelekea moja mfanyabiashara wa hapa kwetu, nisiyependa kumtaja. Akaisifu, akaniomba nimwachie, akaahidi kuagiza. Hakuagiza. Baada ya miezi michache nikaiona rafuni kwake, ya plastiki, imechimbwa katikati vilevile, na hata ile mistari mitatu aliyoichora mkerezaji kwa ncha ya patasi ilikuwapo. Nilipomuuliza alitabasamu: "Mzee wangu, yoyo ni yoyo. Ina mwenyewe?"

Swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu kwa upande mmoja alisema kweli. Kampuni ya Duncan, iliyonunua biashara ya Flores, ilidai kwamba neno yoyo ni alama yake. Mwaka 1965 mahakama ya rufani ya Marekani ikaamua kwamba yoyo ni jina la kitu chenyewe, na kila mtu ana ruhusa ya kulitumia. Nasi tulifurahia hoja ya namna hiyohiyo ilipotufaa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba iandikishiwe neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Fikiri, kikoi! Wakenya wakapinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na ombi likaanguka.

Lakini jina ni mbali na umbo ni mbali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda anayeandikisha umbo jipya kwa miaka mitano, akaweza kuongeza mara mbili, na anayebuni namna mpya ya chombo kufanya kazi hupewa miaka kumi. Sharti ni kwamba kitu kiwe kipya, na anayekitembeza sokoni kabla ya kukiandikisha anajitia hatarini mwenyewe. Ofisi ya KIPI iko Nairobi. Ni mafundi wangapi wa Kitui wanaojua kwamba ipo? Mimi mwenyewe, mtu wa magazeti, niliizungusha ile yoyo mjini mzima kama harusi.

Wenzangu hawakukubaliana. Mkerezaji alitaka tuandikishe mara moja. Mwalimu alisita, akanikumbusha habari ya Mutisya wa Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha kwao. Majirani walimwiga, na wana wa majirani wakawaiga baba zao, mpaka kazi hiyo ikalisha maelfu ya nyumba. Je, angeifungia sandukuni? Na uchongaji wenyewe si walipewa na watu wa pwani? Njia hii baina yetu ni ya zamani: misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu tangu enzi za Kivoi, yule aliyempokea Krapf Kitui mwaka 1849.

Mimi naona mwalimu anachanganya mambo mawili. Jirani anayeiga kwa mkono wake hujifunza kazi, na kesho ataongeza lake. Anayepeleka umbo ng'ambo likapigwe chapa kwa maelfu hajifunzi kitu, na huyo mkerezaji hatakuwa na kazi ya kumrithisha mwanawe. Tena wakati ni huu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kuchukua nafasi ya 8-4-4 mwaka 2017, unawataka watoto waunde vitu kwa mikono yao. Wazazi wananung'unika kwamba kazi hizo huwaangukia wao usiku, na wengine hukimbilia dukani kununua kilichokwisha tengenezwa. Katika kila mji wapo watu kama hawa wa Wote ambao wangefundisha bure Jumamosi, lakini sijasikia mwalimu mkuu aliyewaita.

Safari yangu ya tano ilikuwa mwezi uliopita. KIPI wametuambia kwamba umbo la nje limeshaonekana mno, ila habari ya kijiti cha kupachika inaweza kutazamwa. Fomu ilikuwa mezani, na mwalimu, ambaye hatimaye amekubali nusu, alishikilia kwamba jina la yule mama wa uzi liwemo. Mama akauliza, "Nikitia sahihi, watoto wa jirani yangu hawataruhusiwa kujitengenezea?" Tukamweleza kwamba sheria inamhusu anayefanya biashara, si mtoto anayecheza. Akafikiri, akafuta vidole vyake vyenye vumbi la mkonge.

"Basi niandikeni," alisema, "lakini nyuzi za Idi mtanilipa mapema."