Daftari la Wiki: Kamera ya Baharini Mbele ya Meza ya Forodha

Mpiga picha wa chini ya bahari husafiri na mzigo unaotia shaka. Kasha la alumini lililojaa vitufe, mikono ya chuma inayojikunja, taa mbili nene, nyaya, betri. Afisa yeyote anayeijua kazi yake, akiuona kwenye eksirei, ataomba begi lifunguliwe. Simlaumu. Wako wanaofoka, "Hii ni kamera tu!", na mzigo wenyewe una thamani ya gari dogo.

Anachotaka kujua afisa ni kimoja: kitu hiki kitatoka nchini au kitabaki? Kikibaki, ni bidhaa, na bidhaa ina ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu vitu kuingizwa kwa muda bila ushuru, mradi virudishwe nje ndani ya miezi 12, na dhamana inaweza kudaiwa. Mtalii mwenye kamera moja shingoni hapati taabu. Anayeulizwa ni yule anayekuja Mafia kuwapiga picha papa potwe wa Kilindoni, kabeba makasha mawili na lenzi sita. Aje na orodha iliyochapwa: kifaa, namba ya serial, thamani. Na abebe nakala za ziada, moja ibaki mezani.

*

Marekani kuna fomu namba 4457. Kabla hajaondoka, msafiri anavipeleka vifaa vyake forodha, afisa anavikagua, analinganisha namba, anagonga muhuri. Hakuna malipo. Akirudi, hakuna wa kumwambia kavinunua ughaibuni. Wenye safari nyingi za kazi huchukua ATA Carnet, hati iliyotokana na mkataba wa 1961. Hutolewa na chemba za biashara, hudumu mwaka mmoja, na miongoni mwa nchi zinazoipokea ni Afrika Kusini na Mauritius. Lakini nayo inataka dhamana, kwa hiyo kwa kamera ya likizo ni kujisumbua bure.

Kwa mzamiaji wa Dar au Mombasa, shida iko kwenye kurudi. Kaenda Hurghada kupiga mbizi Bahari ya Shamu na kamera aliyoinunua Kariakoo zamani, anarudi anaulizwa risiti. Nani anatunza risiti miaka yote hiyo? Ipige picha siku ile ile ya kununua, maandishi ya karatasi zile hufifia haraka.

*

Asichokijua afisa, na si kosa lake, ni oringi: duara jembamba la mpira lililopakwa grisi, limekaa kwenye mfereji wa kasha. Unywele mmoja ukilala juu yake, au chembe ya mchanga, maji ya chumvi yanapenya na kamera imekwisha. Sasa kasha liko wazi mezani, feni inapeperusha vumbi, na kidole cha mtu kinapita kwenye grisi kutaka kujua ni nini. Wazoefu huitoa oringi nyumbani na kuitia kwenye mfuko safi. Faida ya pili ni kwamba kasha lililozibwa kabisa, shinikizo la hewa likibadilika ndegeni, hung'ang'ania na kukataa kufunguka. Mbele ya afisa, salamu kwanza, kisha: "Naomba nikufungulie mwenyewe, mkuu." Mara nyingi hukubali.

*

Betri za akiba za lithiamu hupanda nawe kwenye kabini, haziwekwi kwenye mzigo wa chini. Hadi wati-saa 100 hakuna neno. Kati ya 100 na 160, omba idhini ya shirika la ndege. Zidisha volti kwa ampea-saa: 14.4 mara 6.8 ni karibu 98, umepona. Tochi ya kuzamia itoe betri kabisa, kwa sababu imeundwa kupozwa na maji. Ikijiwasha ndani ya begi inaweza kuunguza nguo.

*

Ukitaka vifaa vyako viandikwe kabla ya safari, pitia kwa maafisa wa forodha kwanza, ndipo ukakabidhi mabegi. Mzigo ukishapanda mkanda, hakuna afisa atakayegongea muhuri kitu asichokiona.