Anayeuza tairi apokee na lililochakaa

Tairi jipya linapofika Misisi, Kivu Kusini, kila mtu analijua: mwagizaji, mwenye lori aliyelitoa Uvira au Baraka, mwenye duka. Likishachakaa halina mwenyewe tena. Na katika mji wa dhahabu unaotegemea malori na pikipiki za motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, kwenye barabara ya mawe na matope, matairi hayakawii kuchakaa. Likitupwa nyuma ya nyumba hushika maji ya mvua hata ulilaze vipi, na mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga ukutani mwake kwa ndani. Mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi mpaka mvua irudi. Likichomwa, moshi wake hubeba benzini na sumu nyingine hadi vifuani mwa majirani. Ndiyo maana nasema kila duka linalouza tairi lilazimishwe kupokea lililochakaa, kulihifadhi pakavu na kulirudisha kwa aliyeliuzia. Motari ni wengi mno kufuatiliwa mmoja mmoja, lakini wauza tairi wa Misisi wanafahamika kwa majina.

Sheria ya Kongo namba 11/009 ya Julai 2011 tayari inasema kwamba anayechafua mazingira ndiye alipe. Afrika Kusini ilitunga kanuni za matairi yaliyochakaa mwaka 2009, na sheria ya taka ya Kenya ya 2022 inamfuata mzalishaji hadi bidhaa yake inapokuwa taka. Wenye maduka watajibu kuwa faida yao huishia kwenye vizuizi vya barabarani. Ni kweli, na sekta ya Ngandja, inayosimamia Misisi, isiwaongezee kodi hata moja. Sehemu ndogo ya bei ya tairi jipya iwekwe kando, arudishiwe mteja anayeleta kuukuu. Usafiri nao haushindikani: lori lililoleta saruji na mchele haliwezi kujazwa dhahabu linaporudi, hivyo lina nafasi ya matairi.

Wengine watauliza kama hatutawanyima riziki makwado, yaani mafundi wa kuziba matairi, na washona kandambili. Hao wachague kwanza, bure, maana kazi yao ndiyo urejelezaji pekee tulio nao. Ila kisu chao hupita kwenye tairi la nyuzi za nailoni. Lenye waya za chuma ndani hukishinda, na hilo ndilo linalobaki likirundikana. Lina pa kwenda. Tanuri la saruji hufikia nyuzi joto 1,400 na zaidi, na kiwanda cha Bamburi cha Kenya kimekwisha kutumia matairi makuukuu kama nishati. Kwetu kuna kiwanda cha saruji Kabimba, upande wa Kalemie, ambacho wakuu wa majimbo ya Kivu Kusini na Tanganyika wangepaswa kukaa nacho mezani. Mazungumzo hayo yakichelewa, kupokea matairi kusisubiri: mwaka wa kwanza yaanze ya malori tu, ambayo ni makubwa, yanahesabika, na wenyewe wana namna ya kuyabeba.