Beni-Mulekera: moto ya occasion imeshuka bei, lakini nani atailisha?

Kwenye parking za moto za komine Mulekera, muji wa Beni, si vigumu siku hizi kukuta moto imesimama bila mteja na mwenyewe akisema iko ya kuuza. Bei anayotaja inaweza kushangaza mtu ambaye alinunua yake wakati kakao ilikuwa na nguvu. Kwa hiyo swali linazunguka kwenye baraza, kwenye likirimba za wamama, hata nje ya kanisa kisha misa: feza imekuwa ngumu, wenye moto wanauza, je, si ndiyo saa ya kununua?

Kwa inchi zingine watu wangeuliza hivyo juu ya farasi. Beni haina farasi. Msitu na mbung'o havikumpa nafasi, na kazi ambayo alifanya kwingine, huku ilifanywa na mgongo wa mama, kisha kinga, kisha moto. Lakini farasi ana sheria moja ambayo moto nayo iko nayo: wakati wa shida anauzwa kwa bei ya chini, ila majani yake hayashuki bei. Anakula hata siku ile hajafanya kazi.

Kusudi kuelewa ni juu ya nini moto nyingi ziko zinauzwa, lazima kuanza na kakao, maana ndiyo ilinunua sehemu kubwa ya moto za muji huu. Mwezi wa 12 mwaka 2024, tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 ku soko la New York, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Upande wa Oicha, Mavivi, Mangina na Mutwanga, mkulima mwenye hekta moja ao mbili alianza kupanga mambo ambayo baba yake hakupanga: mabati, chuo kikuu cha mtoto, moto. Mwaka 2025 bei ikateremuka, na mwisho wa mwaka ilikuwa karibu nusu ya ile ya mwanzo. Bei ya shambani haifuate New York hatua kwa hatua, kwani katikati kuna wanunuzi, kuna usafirishaji, kuna vizuizi vya barabarani, lakini inapoanguka kule, huku hakuna anayebaki wima. Na wale walionunua moto kwa deni wakitegemea mavuno yanayokuja, ndio wa kwanza kuirudisha sokoni.

Kisha kuna vita. Kanyabayonga na Kirumba, kusini mwa Lubero, zilichukuliwa na M23 mwezi wa 6 mwaka 2024, na barabara ya Butembo–Goma haikuwa tena barabara ya biashara sawa zamani. Mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma yenyewe ikaanguka na banki zake zikafunga milango. Uongozi wa jimbo ulihamia Beni kwa muda, na hilo lilileta wateja kidogo kwa wamotard wa katikati ya muji. Lakini pia vijana waliokimbia kusini mwa Lubero wamefika, na wengi wao wako na kazi moja mikononi: kuendesha moto. Wateja hawakuongezeka sawa na waendeshaji.

Hapa ndipo mnunuzi anadanganyika kirahisi. Anaangalia moto: motere inalia vizuri, tairi bado, cheni imebadilishwa juzi. Anaona bei, anafikiri muuzaji ana shida ya hospitali ao ya minerval na kwamba Mungu amemfungulia mlango. Inawezekana. Lakini mara nyingi bei imeshuka juu ya barabara. Moto ya taxi haina thamani yake peke yake. Thamani yake ni kilometa ambazo inaweza kutembea na mteja nyuma, kwenda na kurudi mzima.

Na kilometa hizo zimepungua. Kutoka Beni kuna barabara ya Kasindi, kama kilometa 80, na ya Butembo, kilometa 54. Kuna ya Oicha na Eringeti. Kuna ya Mangina. Kuna Mbau–Kamango, ambayo motard mwenye watoto anafikiri mara mbili mbele ya kukubali mteja, hata kama anatoa bei mara tatu. Tangu mauaji yalipoanza Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, wamotard wengi waliuawa kazini, na moto zao zilichomwa ao zilichukuliwa. Upande wa Butembo, watu walikuwa wanakimbilia mangaribi ya Lubero, njia ya Manguredjipa, juu kuna dhahabu na kakao na motard anapata kozi ndefu. Mwezi wa 9 mwaka 2025, pale Ntoyo, ADF ilivamia watu kwenye kilio na kuua zaidi ya 60. Kisha siku kama hiyo, kozi ndefu inakuwa kozi fupi. Mwenye moto anasema bado anatafuta feza ya kununua mchele, lakini tayari ameanza kutafuta mtu wa kumuuzia.

Saa nazo zimekatwa. Tangu état de siège, iliyoanza tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, amri za kusimamisha moto jioni zimekuja mara kwa mara, na motard anayekamatwa kisha saa hiyo anaacha kazi ya siku mbili ao tatu mikononi mwa waliomkamata. Pia kuna siku za ville morte. Vikundi vya raia vinapotangaza ville morte juu ya mauaji, muji unasimama, na ni haki yao kulia. Moto nayo inasimama. Lakini deni la moto halisimame.

Tufanye hesabu, na isomwe kama mfano tu, si bei ya soko. Tuseme mtu ananunua moto ya occasion kwa dola 700. Anampa kijana, na kijana anamletea versement ya franka 10,000 kwa siku, siku sita kwa juma. Hiyo ni franka 60,000 kwa juma. Mwisho wa mwaka 2022, dola moja ilikuwa karibu franka 2,000: versement ile ilikuwa dola 30 kwa juma, na moto ingerudisha feza yake kwa majuma 23 ao 24. Kufikia 2024 dola ilikuwa imepita franka 2,800. Versement ileile, franka zilezile, zikawa dola 21 na kitu, na majuma yakawa 33. Kijana hakuiba, moto haikuharibika, mteja analipa sawa jana. Majuma karibu kumi yamepotea kwenye meza ya mbadilisha feza peke yake.

Sasa tuongeze maisha ya kweli. Moto inatembea siku nne kwa juma, maana kuna ville morte, kuna salongo, kuna mvua inayogeuza barabara kuwa matope, kuna siku fundi anangoja kipande kitoke Butembo. Franka 40,000 kwa juma ni kama dola 14. Majuma 49. Mwaka mzima, bila kuhesabu tairi, cheni, mafuta ya motere, assurance na vignette. Na moto ya occasion ambayo imefanya mwaka mmoja zaidi juu ya mawe ya huku si moto tena ya dola 700.

Wengine watasema franka imepata nguvu. Ni kweli, mwisho wa mwaka 2025 franka ilipanda sana mbele ya dola, hata watu wenye kuweka dola chini ya godoro walishtuka. Kwa mwenye moto anayepokea franka na mwenye deni la dola, hiyo ilikuwa habari njema. Lakini ku Beni mteja hakupata franka nyingi zaidi kwa hiyo. Aliyeuza kakao bei ya chini ameuza bei ya chini kwa feza yoyote.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwe sana kwa sauti: karatasi. Wakati wa shida moto zisizo na karatasi zinakuwa nyingi sokoni. Zingine ziliingia tu bila kukamilisha mambo ya DGDA pale Kasindi. Zingine mwenyewe amepoteza carte rose, ao anasema amepoteza. Lakini katika eneo ambalo moto zinanyanganywa kwa silaha, kila moto bila carte rose ina swali nyuma yake. Mnunuzi anaweza siku moja kusimamishwa na kaka ya marehemu ambaye anatambua alama ku tangi. Hapo bei rahisi inageuka kuwa kesi, na si kila kesi ya namna hiyo inaishia mbele ya muamuzi. Zingine zinaishia mikononi mwa kundi la vijana lenye hasira.

Kwa hiyo wazee wa parking wanapokataa kushuhudia mauzo ya moto bila karatasi, si kiburi. Namba ya chassis ilingane na ile ya carte rose. Jina la muuzaji liwe kwenye carte, ao awe na acte de vente ya yule aliyemuuzia. Mauzo yaandikwe mbele ya mkubwa wa avenue ao wa quartier, pamoja na mashahidi wa pande mbili. Inachukua nusu siku. Mtu anayesema hana nusu siku kwa ajili ya feza ya mwaka mzima, heri aulizwe anakimbia nini.

Beni ilikwisha kuona kitu kama hiki. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, na mpaka ilipotangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 iliua watu 2,287. Ni aibu kusema, lakini kila mtu anajua: riposte ilileta feza. Magari na moto zilikodishwa kwa dola, na watu walinunua moto wakifikiri kazi ile itadumu. Ilipofungwa, na corona ilikuwa imeshafunga mpaka wa Uganda, moto zilirudi zote pamoja kutafuta mteja uleule wa franka mia kadhaa. Walionunua wakati ule kwa bei ya chini, wakitumia feza yao wenyewe, wengi walivumilia. Walionunua kwa deni la kulipa kila juma waliuza tena, kwa hasara, kwa watu sawa wale wanaojaribu kuuza leo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko bei. Feza iliyotoka kwenye AVEC ao MUSO lazima irudi siku ya mkutano, mbele ya wanachama wote, na mama aliyekopa kusudi mtoto wake apate moto ndiye atakayeinamisha kichwa. Kikundi hakiwezi kungoja barabara ya Mangina ifunguliwe. Ni sawa kusema kwamba moto wakati huu inaweza kuwa kitu kizuri kwa mwenye akiba ambayo haitaji miezi sita, na hatari kubwa kwa mwenye kukopa, hata kama wote wawili wamenunua moto moja na bei moja.

Lakini anayebeba mzigo mkubwa zaidi hata hakununua. Ni kijana wa versement. Kwa desturi ya hapa mapatano ni ya mdomo: kila jioni franka hizi, mafuta ni juu yako, tairi ni juu ya boss, na mambo mengine tutaonana. Siku ya ville morte boss wengine wanasamehe, wengine wanahesabu. Siku moto imekamatwa na polisi, nani analipa? Siku imechukuliwa na watu wenye silaha na kijana amerudi kwa miguu, akiwa hai, kuna boss ambao swali lao la kwanza ni moto iko wapi. Kuna familia ambazo zimelipa moto ya mtu mwingine kwa kuuza shamba, kisha mtoto wao kuponea chupuchupu.

Hilo ndilo jambo la kuandikwa kwenye karatasi pamoja na bei na namba ya chassis: siku gani hazihesabiwi, njia gani kijana ana haki ya kukataa, na kama moto imenyanganywa njiani hasara ni ya nani. Wako wenye moto ambao wamekubali versement ya siku zinazofanyiwa kazi tu, wengine wanagawana nusu kwa nusu kinachopatikana. Wanapata kidogo kwa siku, lakini kijana hatumwi Kamango kwa nguvu ya deni.

Na anayefanya mpango wa miaka mingi aangalie pia kazi za barabara ya Kasindi–Beni–Butembo, zilizozinduliwa Mpondwe mwezi wa 6 mwaka 2021 na marais Tshisekedi na Museveni. Popote lami inapofika, mteja wa safari ndefu anapanda gari dogo, anakaa ndani, hanyeshewi. Kazi inayobaki kwa moto ni ile ya kutoka lami kuingia kwenye quartier, mawe na matope, kozi fupi za franka kidogo, kumi na tano ao ishirini kwa siku. Moto ya kununua kwa kazi hiyo si lazima iwe ile yenye motere kubwa inayong'aa pale parking. Ni ile inayokunywa kidogo na ambayo kila fundi wa Mulekera ana kipande chake.