Kwikshifta Haitakuokoa, Buda. Jifunze Klachi

Wacha niseme kitu ambacho kitanikosanisha na nusu ya wasee tunaoendesha nao Jumapili: kwikshifta si kifaa cha usalama. Ni kifaa cha kasi. Na sisi wenye kamera kwa helmeti ndio tumewadanganya.

Naanza na mimi. Mwaka jana niliposti klipu nikiteremsha gia kutoka ya sita hadi ya pili bila kugusa klachi, injini ikitoa ile kelele tamu, nikaandika "klachi ni ya wazee." Watu waliipenda sana. Juzi ndugu yangu mdogo, ana miaka 19 na anaweka pesa anunue pikipiki yake ya kwanza, akaniuliza: "Braza, si ni afadhali nitafute yenye kwikshifta, nisisumbuke na klachi?" Nikakosa jibu. Huyo kijana si mjinga. Hayo maneno aliyatoa kwangu.

Tuelewane kwanza hiki kitu kinafanya nini. Ukipandisha gia, sensa ya pedali inahisi mguu wako, kompyuta inakata nguvu ya injini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, gia inaingia. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuteremsha. Gia ya chini inataka injini izunguke kwa kasi zaidi, kwa hivyo lazima mafuta yafunguliwe kidogo, mara moja, ndiyo injini na tairi zikubaliane. Kwa klachi, hiyo unaifanya na mikono yako. Otoblipa inakufanyia. Ikikosea, tairi la nyuma linakabwa na injini na kuanza kurukaruka. Kama uko kwa kona, ama lami ina maji, uko chini kabla hujajua ni nini kimetokea.

Sasa sikiza ile ambayo sikuiposti. Nilikuwa naelekea Magadi, nimeshapita Corner Baridi, barabara inateremka. Nakaribia kona nikiwa gia ya nne, mkono wa mafuta sijaufunga vizuri. Nikagusa pedali nusunusu, kwa mazoea tu. Gia ya nne ikatoka, ya tatu ikakataa kuingia. Nyutro feki. Taa ya nyutro haikuwaka, kwa sababu hiyo taa inajua nyutro moja tu, ile iko kati ya gia ya kwanza na ya pili. Injini ikanguruma bure, haishikilii tena pikipiki, na mimi nikajipata nimevuka mstari wa katikati. Lori lilikuwa linapanda. Dereva alilisukuma kando hadi kwa vumbi, nikapita. Niko hai kwa sababu ya huyo mzee, si kwa sababu ya ujuzi wangu.

Na unajua kilichonitisha zaidi? Mkono wangu wa kushoto haukufanya chochote. Ulikuwa umelala tu hapo. Miezi yote hiyo bila kuutumia, ulikuwa umesahau klachi ni ya nini.

Pikipiki haikuwa mbovu. Kitabu chake kilisema wazi: unapoteremsha gia, funga mafuta kabisa na ukanyage pedali hadi mwisho. Sikuwa nimekisoma. Wewe umesoma chako?

Najua kuna mtu tayari anasema, "Lakini MotoGP wanafanya hivyo kila kona." Buda, zile pikipiki zina giaboksi tofauti kabisa na yako, tangu Honda walipoileta kule mwaka 2011, na kuna kundi la mafundi wanaoiangalia kila wikendi. Wakikosea kona, wanapokewa na kokoto zilizowekwa hapo makusudi. Wewe ukikosea kona ya Magadi Road utapokewa na bonde, mbuzi ama matatu.

Halafu kuna hizi gereji zinazouza sensa ya bei rahisi zikisema ni ya "juu na chini", hata kwa pikipiki yenye mafuta ya kebo. Uliza fundi swali moja tu: nani atafungua mafuta nikiteremsha gia? Kama hakuna kompyuta inayoweza kuyafungua yenyewe, na hakuna mota iliyowekwa ya kuivuta hiyo kebo, basi umenunua ya juu peke yake. Ukiiteremsha bila klachi ukiamini maneno ya fundi, atakayelala hospitali ni wewe.

Sisemi uing'oe. Yangu bado iko. Lakini maliza breki na gia zako ukiwa bado umenyooka, kabla ya kona. Gia moja moja, pedali hadi mwisho, kisha uiachilie kabisa kabla ya kukanyaga tena. Kwa jam ya Thika Road, injini ikizunguka polepole, tumia klachi, kwa sababu hapo kwikshifta inakushtua tu. Hakikisha cheni haijalegea. Na vidole viwili viwe karibu na klachi kila wakati. Gia ikikwama katikati, shika breki, vuta klachi, ingiza gia tena, achilia polepole. Kama hiyo hujawahi kuifanyia mazoezi kwa uwanja mtupu, hutaikumbuka lori likiwa mbele yako.

Ile klipu nimeshaifuta. Jumamosi nampeleka ndugu yangu uwanjani na pikipiki ya 150 ya jirani, klachi ya kebo, hakuna kompyuta yoyote. Atazima injini mara ishirini na atanitukana. Sawa tu. Siku ataniteremshia gia kwa klachi mara hamsini bila tairi kuruka, ndiyo tutaanza kuongea mambo ya kwikshifta.