Kivinjari Mbadala na Injini Isiyoonekana

Vivinjari vinavyotangazwa kuwa mbadala wa Chrome ni vingi, lakini anayetaka kuchagua kimojawapo hana budi kuanza na swali ambalo matangazo yenyewe huliepuka, nalo ni hili: chini ya boneti mna injini ya nani? Injini ya kivinjari ni ile sehemu ya programu inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe vinavyoonekana kwenye skrini, na kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kwa siri, watumiaji wengi huhukumu kwa nembo.

Edge, Opera, Vivaldi na Brave ni vivinjari vya kampuni nne tofauti, ila vyote hutegemea Blink, injini ya mradi wa Chromium unaoongozwa na Google. Opera iliiacha injini yake, Presto, mwaka 2013. Microsoft, pamoja na utajiri wake wote, ikatangaza Desemba 2018 kwamba nayo inahamia Chromium.

Mtetezi wa Chromium atasema kwamba mradi huo ni wa chanzo huria, maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadilisha kwa masharti ya leseni, na hilo ni kweli. Blink yenyewe ni tunda la haki hiyo, kwani Google iliichepua mwaka 2013 kutoka WebKit ya Apple, ambayo nayo ilichipuka kutoka KHTML, kazi ya mradi wa KDE. Hata hivyo, haki ya kuchepua msimbo ni jambo moja na uwezo wa kuutunza ni jingine, kwa sababu injini ya kisasa hudai jeshi la wahandisi wa kuziba mianya ya usalama bila kukoma, na anayewalipa ndiye mwamuzi. Ushahidi ni Manifest V3, kanuni mpya za Google kuhusu viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari: zilipotekelezwa, uBlock Origin, kizuia matangazo mashuhuri, kilizimwa katika Chrome, na vivinjari vilivyojengwa juu ya Chromium vikabaki ama kufuata ama kubeba gharama ya kudumisha kilichofutwa.

Firefox ya Mozilla, mradi uliozaliwa kampuni ya Netscape ilipoufungua msimbo wa kivinjari chake mwaka 1998, ina injini yake, Gecko, na bado inakipokea kiendelezi hicho. Dosari yake si ndogo: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, inayolipia nafasi ya mtambo wake wa utafutaji ndani ya Firefox, hivyo mpinzani anakula mkate wa anayempinga. Ladybird, kivinjari kingine kinachojengwa bila kuazima injini ya mtu, bado hakijakomaa kwa matumizi ya kila siku.

Mwenye iPhone hana uhuru mkubwa, maana katika nchi nyingi Apple hulazimisha kila kivinjari kutumia WebKit. Mwenye Android, ambaye ndiye msomaji wa kawaida Afrika Mashariki, anaweza kuweka Firefox pamoja na uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya simu hailiruhusu, na kila tangazo linalozuiwa kabla ya kupakuliwa ni bando lililookolewa. Kwa msomaji huyo, pamoja na dosari zilizotajwa, Firefox ndiyo chaguo linalostahili kwa sasa.